Watoto wetu nao wapelekwe kwenye karakana ya mafumbo ya mbao

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako niseme jambo ambalo limenikaa moyoni tangu mwezi uliopita, nilipokwenda na wajukuu wangu wawili kwenye karakana ya fundi seremala mmoja hapa kisiwani Pemba, upande wa Wete. Kazi ya fundi huyu ni kutengeneza mafumbo ya mbao: visanduku visivyofunguka ila kwa anayejua njia yake, michemraba ya vipande saba, vijiti vilivyoumana bila gundi wala msumari, na ramani za visiwa vyetu zilizokatwa vipande ili mtoto azipange upya. Mwenyewe ameniomba nisimtaje jina, na nimemkubalia, kwa kuwa ninayotaka kuyasema hayamhusu yeye peke yake. Ninaloliomba ni moja: skuli zetu, na sisi wazazi, tuwapeleke watoto katika karakana kama hii wakae, washike na wajaribu, kwa sababu hivi sasa karibu kila anayepiga hodi pale ni mgeni kutoka nchi za nje, na mtoto wa nyumba ya tatu kutoka hapo hajui kinachofanyika ndani.

Nimesomesha Hisabati katika skuli za Pemba kwa miaka 31 kabla ya kustaafu, na maishani mwangu sikuwahi kushika randa. Nilikwenda kwa sababu mjukuu wangu wa kike, mwenye umri wa miaka 13, alikiona kisanduku cha fundi huyu kwa rafiki yake, akaniomba kila siku kwa wiki mbili nimpeleke. Tulitoka Chake Chake Jumamosi asubuhi, karafuu zikiwa zimeanikwa juu ya majamvi kando ya barabara, tukateremka Wete na kumalizia kwa miguu njia ya vumbi mpaka kwenye banda la makuti lililojengwa ubavuni mwa nyumba, chini ya mwembe. Kabla hujafika unaisikia randa. Ukishafika unapokewa na harufu ya mbao ya mfenesi, ambayo ina utamu kidogo, na chini unakanyaga maranda yaliyojikunja kama maganda ya kitunguu. Fundi, mzee aliyevuka miaka 60, aliitikia hodi yetu bila ya kuinua kichwa mpaka randa ilipofika mwisho wa ubao. Ndipo akaiweka chini, akafuta mikono, akatukaribisha.

Watoto walimpa shikamoo, naye baada ya kuitikia marahaba akamtazama yule mdogo, mvulana wa miaka tisa, akasema: "Kitendawili!"

"Tega!"

"Nyumba yangu haina mlango."

"Yai!" mtoto akajibu papo hapo, kwa kuwa kitendawili hicho amekisikia tangu hajaanza skuli.

"Kila siku yai," fundi akasema. "Leo si yai. Leo ni hii."

Akampa kisanduku cha mbao ya manjano, urefu wake hauzidi kiganja, kimelainishwa kwa msasa na kupakwa nta mpaka mtu hawezi kuona wapi ubao mmoja umekwisha na mwengine umeanza. Mjukuu wangu alikivuta, akakitikisa, akakibana kwa magoti, akakiweka sikioni, ndani kukiwa na kitu kinachogonga. Baada ya robo saa alichoka. "Basi nipe mji," fundi akamwambia. Akampa Mkoani. Fundi akakataa, Mkoani ni karibu mno, hata nauli haimalizi. Mtoto akampa Unguja mjini yote, na hapo fundi akajiweka sawa juu ya kigoda: "Nimekwenda Unguja, nimeshuka Malindi, nimekunywa urojo Forodhani, nimeingia Darajani nimemnunulia mke wangu kanga, nimerudi zangu Pemba, na jibu ni hili." Akakishika kisanduku kwa ncha za vidole, akausukuma ubao wa kichwani ukateremka kiasi cha upana wa punje ya mchele. Kumbe kuteremka kule kulikuwa kumeuachia ubavu wa kulia, nao ukasogea mbele kiasi hicho hicho. Ubao wa kichwani ukateremka tena, ubavu wa kushoto ukafuata, na katika hatua ya tano kifuniko kikateleza kama kilichopakwa mafuta. Ndani mlikuwa na komwe moja, kete ya bao.

Nimeieleza habari hii kwa urefu, Ndugu Mhariri, kwa sababu nataka msomaji aone nilichokiona mimi mwalimu. Mtoto yule nyumbani hakai na kitabu dakika kumi. Pale alikaa robo saa na kisanduku akikitafakari, na alipooneshwa njia aliomba akifunge mwenyewe, akakifunga, kisha akakifungua mara tatu mfululizo huku akihesabu hatua kwa sauti. Hakuna aliyemwambia atulie.

Siri ya kisanduku kile, kama fundi alivyotuonesha kwa kingine ambacho hajakifunga, ni mifereji iliyochimbwa upande wa ndani wa kila ubao, na vijiti vidogo vya mti mgumu wa mkarafuu vinavyotembea ndani ya mifereji hiyo. Kijiti kikiwa hapa kinauzuia ubao ule, kikisogea pale kinauachia. Huko Hakone, Japani, makasha ya namna hii yametengenezwa tangu karne ya 19, na yapo yanayotaka hatua zaidi ya 20 kabla ya kufunguka. Lakini mtu asije akadhani kwamba jambo hili ni geni kwetu. Nani miongoni mwetu hajaliona kwa bibi yake kasha la njumu, lile lililopigwa misumari ya shaba juu na mbele, lenye droo chini na mahali pa siri pa kuwekea dhahabu na hati za shamba ambapo watoto wa nyumba hawakupajua mpaka siku ya kugawa mirathi? Kasha lile ni fumbo la mbao, ila hatukuliita hivyo.

Na kabla ya kasha ipo marfaa. Hapa naomba wasomaji wanivumilie, kwa kuwa hili ndilo lililonifanya niandike.

Kila aliyesoma chuoni anaijua marfaa, kile kibao cha kuwekea msahafu, mbao mbili zilizopishana na kusimama kama miguu ya mtu aliyetanua hatua. Nimesomea juu ya marfaa tangu nikiwa na miaka sita, na sikuwahi hata siku moja kujiuliza imetengenezwa vipi. Babu wa fundi huyu alikuwa mchonga marfaa, na fundi anasema kwamba mzee huyo alikuwa na mtindo wa kuwaita wanafunzi wa chuoni waliopita mbele ya baraza yake na kuwauliza: hizi mbao mbili, meno yake yameingiana kama vidole vya mikono miwili, hazina msumari, hazina gundi, hazitoki, basi ziliingizwaje? Watoto walikuwa wakifikiri mpaka jioni. Jibu lake ni kwamba hazikuingizwa. Hazikuwa mbili kamwe. Zilikuwa ubao mmoja.

Fundi alitufanyia mbele ya macho yetu, si yote, kwa kuwa ni kazi ya siku mbili, bali ile sehemu ya mwisho kwenye ubao alioanza jana yake. Huchaguliwa ubao wenye unene wa kama vidole viwili, nyuzi zake zimenyooka toka juu hadi chini, bila ya jicho la mti, yaani pale tawi lilipoota, hata moja. Ubao huo hupasuliwa kwa msumeno katikati ya unene wake kuanzia kichwani, halafu hugeuzwa ukapasuliwa vivyo hivyo kuanzia miguuni, na katikati huachwa ukanda mwembamba ambao msumeno haukuufikia. Ukanda huo ndio bawaba. Fundi huugawa kwa penseli sehemu tano zilizo sawa, kisha kwa patasi nyembamba huzichonga sehemu hizo ziwe mviringo, hii akiikata itoke upande wa mbele, inayofuata itoke upande wa nyuma, mpaka meno ya nusu moja yawe yamepita ndani ya meno ya nusu nyengine. Patasi inafanya kazi mahali ambapo jicho halifiki, na mkono unakwenda kwa kuhisi na kwa kusikia. Akikosea jino moja, ubao wote ni kuni, kwa kuwa hakuna kuunga. Alipomaliza jino la tano alipuliza vumbi, akaushika ubao kwa mikono miwili kama mtu anayetaka kufungua kitabu kikubwa, akaukunjua taratibu. Ulilia kidogo, ukafunguka. Mjukuu wangu wa kike alisema "Subhanallah" kwa sauti ndogo, na mimi machozi yalinilenga, kwa sababu nilimkumbuka mwalimu wangu wa chuoni na marfaa yake iliyong'aa kwa kushikwa.

Basi fundi alipoanza kutengeneza mafumbo, baada ya watu kuanza kununua marfaa za bei nafuu zinazotoka nje, hakuwa anaacha kazi ya babu yake. Alikuwa anaiendeleza kwa njia ambayo ingempatia chakula. Kwake fumbo la mbao na marfaa ni mtu na ndugu yake.

Mbao zenyewe anazipata kwa watu wanaokata mifenesi na miembe iliyozeeka katika mashamba yao, na mikarafuu iliyokufa. Hatumii mti uliokatwa katika msitu wa Ngezi, kwa kuwa ule ni msitu wa hifadhi, na alilisema hilo kabla sijamuuliza. Ubao ukishapasuliwa hupangwa kivulini, kila mmoja umetenganishwa na mwenziwe kwa kijiti ili upepo upite, na huachwa kwa kanuni ambayo maseremala wengi wanaijua: mwaka mmoja kwa kila inchi ya unene. Asiyesubiri humalizia kwa aibu. Mbao hunywa unyevu wa hewa wakati wa masika ikavimba kwa upana wake, wakati wa kaskazi ikakauka ikajikaza, na fumbo ambalo vipande vyake vinabana kabisa mwezi wa Januari halitafunguka mwezi wa Aprili. Kwa hiyo fundi huacha baina ya kipande na kipande nafasi ya unene wa karatasi moja, au mbili kama mbao ni ya mwembe. Nilimuuliza amejifunza wapi kipimo hicho, akanijibu: "Kwa zile zilizonirudia, Mwalimu."

Kitu kilichonigusa zaidi kwa upande wa ufundishaji ni mchemraba wa vipande saba. Ulibuniwa na Piet Hein wa Denmark katika miaka ya 1930, na huitwa Soma, jina ambalo liliwafurahisha sana wajukuu wangu kwa maana yake katika lugha yetu. Vipande sita kila kimoja kimeundwa kwa michemraba midogo minne, na kipande kimoja kwa mitatu, jumla 27, ambayo ikipangwa sawasawa hutoa mchemraba mmoja wa tatu kwa tatu kwa tatu. Zipo njia 240 za kuupanga, bila ya kuhesabu zile zinazotokana na kuugeuza tu. Kwa miaka 31 nimechora michemraba ubaoni kwa chaki, nikatia nukta nukta pale ambapo ukingo umejificha nyuma, nikawaomba watoto wafikirie kwamba kuna upande ambao hawauoni. Na kila mwaka wako walioniangalia kwa macho ya kunihurumia. Mjukuu wangu aliushika mchemraba ule mkononi akasema: "Babu, hiki cha katikati hakionekani popote, lakini bila ya yeye haukai." Hiyo ndiyo maana ya ujazo, na mimi sikumsaidia neno.

Ramani za kupanga nazo zina asili ya darasani. Katika miaka ya 1760 mchoraji ramani wa London aliyeitwa John Spilsbury alibandika ramani juu ya ubao akaikata kwa kufuata mipaka ya nchi, ili watoto wajifunze jiografia kwa kupanga. Fundi wetu ametengeneza ramani ya wilaya 11 za Zanzibar, saba za Unguja na nne za Pemba. Vipande vinne vya Pemba hupangwa na mtoto mdogo kwa dakika moja, lakini akiuliza kipi ni Micheweni na kipi ni Mkoani atakuwa ameshajifunza. Ugumu ni wa fundi mwenyewe. Pwani ya Pemba imeingia na kutoka kila hatua, na visiwa vyake, Fundo, Kojani, Makoongwe, Kisiwa Panza, kila kimoja hukatwa peke yake kwa msumeno wa mkono wenye wembe mwembamba kama uzi. Misali ameikata mara nne, na mara nne imepotea ndani ya maranda.

Sasa nije kwenye jambo ambalo si la kufurahisha. Miaka miwili iliyopita, nikiwa Unguja, niliingia katika duka moja la Mji Mkongwe nikanunua kisanduku cha fumbo kwa ajili ya watoto hawa hawa. Muuzaji aliniapia kwamba kimetengenezwa kwa mkono na mafundi wa hapa hapa. Nilitoa shilingi 40,000. Masika yalipoingia kisanduku kilivimba, kikapasuka pembeni, na ndani yake nikaona unga wa mbao ulioshindiliwa kwa gundi, juu yake imebandikwa karatasi iliyochapishwa mistari mfano wa nyuzi za mti. Sikurudi dukani, kwa kuwa safari ya Unguja kwa kisanduku haina maana. Lakini fundi wa Wete alinifundisha namna ya kutazama, na nawaandikia wengine ili wasitoe fedha zao kama nilivyotoa mimi: geuza kitu utazame kichwa cha ubao, pale ulipokatwa. Nyuzi unazoziona juu lazima zishuke upande ule zikaonekane kama nukta na pete za mti. Zikiishia ukingoni ghafla, hiyo ni karatasi. Pitisha kidole ndani, mahali ambapo msasa haufiki vizuri, uhisi alama ya patasi.

Sisi watu wa Visiwani hatuna udhuru katika jambo hili, kwa sababu macho hayo tunayo tayari kwa vitu vyengine. Mtu akipewa kofia ya viua huigeuza ndani akatazama mshono, akajua mara moja kama ni ya mkono au ya cherehani, na ikiwa ni ya mkono halalamiki bei, kwa kuwa anajua kuna mwanamke aliyekaa nayo barazani kwa miezi. Mkeka wa ukili nao tunaujua. Kwa nini tunapofika kwenye mbao tunakuwa kama wageni?

Fumbo la vijiti sita, lile linaloumana katikati kama mwiba, ambalo Wachina hulinasibisha na fundi wao wa kale Lu Ban, linauzwa karakanani pale kwa shilingi 15,000. Ni kazi ya siku nzima kwa vijiti sita, na kijiti cha mwisho, kile ambacho hakikukatwa popote, ndicho kinachoingia kulifunga fumbo zima. Nilipokuwa nalipa alikuja kijana mmoja wa jirani, akasema mbele ya fundi kwamba hiyo ni bei ya Wazungu. Fundi hakujibu. Nilijibu mimi, na nadhani nilimjibu kwa ukali zaidi ya ilivyostahili, lakini ningependa kumuuliza tena hapa kwa upole: wewe ungekubali kufanya kazi kutwa nzima, kwa zana zako na mbao uliyoisubiri mwaka mmoja, kwa kiasi gani?

Fundi alikuwa na wanagenzi watatu. Mmoja amekwenda Unguja kufanya kazi hotelini, mmoja anaendesha bodaboda, na wa tatu amefariki, Mwenyezi Mungu amrehemu. Watoto wake mwenyewe hawakuitaka kazi. Nilipomuuliza kama angekubali kupokea wanafunzi wa skuli, alisema amekuwa akisubiri kuulizwa swali hilo kwa miaka. Nilikwenda wiki iliyofuata kwenye skuli moja, ambayo siitaji, nikapendekeza ziara. Nilipokewa kwa heshima, nikapewa kiti, na nikaambiwa kwamba ziara za masomo mwaka huu zimeshapangwa, kwamba useremala ni wa wale watakaoshindwa mtihani, na kwamba wazazi hawatakubali kuchangia nauli ili watoto wakaangalie vumbi la mbao. Sina ugomvi na aliyeniambia maneno hayo. Ni mtu mwema na ana mzigo mkubwa. Lakini neno "wale watakaoshindwa" liliniumiza, kwa sababu katika karakana ile mimi, mwalimu wa Hisabati, ndiye niliyeshindwa kufungua kisanduku.

Mji Mkongwe wa Zanzibar umo katika orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO tangu mwaka 2000, na watu hutoka mbali kuja kusimama mbele ya milango yake, wakapiga picha mfaa, miimo na nakshi za kizingiti. Mikono iliyoifanya milango hiyo ilifundishwa katika mabanda kama hili la Wete. Ilipoporomoka sehemu ya Beit al Ajaib mwezi wa Disemba 2020, jumba lililosimama tangu 1883, watu wengi waliuliza habari za mawe na chokaa. Mimi nilifikiria mbao zake, na vijana watakaotakiwa kuzichonga upya, wanasoma wapi hivi sasa.

Ninachokiomba si kikubwa. Wizara ya Elimu na Mafunzo ya Amali inao mtaala unaosisitiza umahiri, yaani mtoto aweze kufanya na si kukariri tu. Basi ziara ya karakana iingizwe kwa jina lake katika kazi za darasa la tano na la sita, na mwalimu wa Hisabati aende pamoja na wanafunzi, si mwalimu wa sanaa peke yake. Skuli ziwe na mchemraba mmoja wa vipande saba kwa kila darasa, ununuliwe kwa fundi wa hapa na kwa bei yake. Kituo cha mafunzo ya amali cha Vitongoji kinasomesha vijana ufundi, na naamini wapo wenye mikono mizuri ambao wangependa kukaa miezi michache na mzee huyu kujifunza bawaba ya marfaa kabla hajachoka. Yeye yuko tayari, na mimi nimemuuliza mara mbili ili niwe na hakika. Kwa wazazi, safari ya kutoka Chake hadi Wete na kurudi ni nauli ndogo, na hakuna kiingilio.

Fundi hupokea watu siku zote isipokuwa Ijumaa. Anapendelea watoto wasizidi kumi kwa mara moja, kwa kuwa ana jiriwa mbili tu, vile vyuma vya kubania mbao, na hataki mtoto asimame nyuma bila ya kushika kitu. Mwalimu yeyote wa Pemba anayetaka kwenda, aniachie salamu kwa Mhariri, nami nitafuatana naye na darasa lake na kulibeba jukumu la kuomba ruhusa kwa wazazi. Nitakuwa Wete kwa vyovyote Jumamosi ya kwanza ya kila mwezi, kwa sababu mjukuu wangu wa kike ameanza kuchonga marfaa yake mwenyewe na amefika jino la pili.

Wasalaam,

Mwalimu mstaafu wa Hisabati,
Chake Chake, Pemba.